Sarvamma na Mashine ya Nne

Watu wa mtaa wetu wanasema Sarvamma alipoteza vidole kwa uzembe. Wengine wanasema mashine ya nne ilishaonja mtu mara moja, ikawa inataka tena. Miaka minne nimewasikiliza wakiyasema hayo kwenye bomba la maji na kwenye foleni ya mchele wa serikali, nikanyamaza. Sasa inatosha. Mimi Hombamma ndiye niliyemfundisha Sarvamma kukereza yoyo, kile kichezeo cha mti kinachoshuka na kupanda kwa uzi, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama pale siku ile. Kama kuna mtu wa kulieleza jambo hili hapa Channapatna, ni mimi.

Alikuja karakana mwanzo wa mvua, amejitanda sari ya pamba iliyochuja rangi, anakohoa. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, lakini kifua kilikuwa cha bibi kizee. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye masufuria ya hariri kule mtaa wa mtoni. Kazi ile mnaijua. Vifuko vya hariri vinachemka, mkono unaingia kwenye maji ya moto, unatafuta ncha ya uzi, unatoka nayo, unaingia tena. Asubuhi mpaka jioni, mvuke na harufu ya funza walioiva ndani ya vifuko. Mumewe alikwenda Mysuru kutafuta kazi ya ujenzi, akaipata, na mke wa pili akampata hukohuko. Sarvamma akabaki na mama mkwe na binti mmoja.

Daktari alikuwa amemwambia neno moja tu: "Ukirudi kwenye yale masufuria, usirudi kwangu."

Kwa hiyo akaja kwa Mukhtiyar Saheb, mwenye karakana yetu. Saheb ana mashine nne za kukerezea. Yangu iko mlangoni penye mwanga. Ya pili ni ya Jabeena, ya tatu ni ya binamu yake. Ya nne ilikuwa ukutani kule ndani, imefunikwa gunia, na juu ya gunia mtu alikuwa amening'iniza ndimu na pilipili za kukinga kijicho. Hiyo ilikuwa ya Girijamma. Ncha ya sari yake ilishikwa na mashine ikizunguka, ikamvuta. Hakufa. Lakini shingo yake mpaka leo inatazama upande mmoja, kama vile kuna mtu anamwita kutoka mlangoni.

Saheb alimtazama Sarvamma, akaitazama ile mashine, akajikuna ndevu.

"Hombamma," akaniambia, "mnunuzi wa chuma chakavu ameshaiulizia mara mbili. Nampa huyu dada mpaka sikukuu ya zana. Akiweza kukereza yoyo isiyoyumba, mashine ni yake. Asipoweza, inapakiwa kwenye gari."

"Na mimi nitakwenda wapi?" Sarvamma akauliza.

Wote tulijua. Angerudi kwenye masufuria, na masufuria yangemmaliza.

Mtu atauliza, kwa nini yoyo? Kwa nini si bangili, au pia ya kuzungusha, au vile vinyago vya kuchezea vinavyokerezwa na kila mtu? Kwa sababu wanunuzi wa mjini walitaka yoyo mwaka ule, na kwa sababu yoyo ndiyo inayomuumbua mkerezaji. Bangili ikizidi unene upande mmoja, nani ataona? Yoyo ikizidi upande mmoja kwa unene wa ukucha, inashuka ikitapatapa kama kuku aliyechinjwa, na hairudi. Tunaikereza kutoka kipande kimoja cha mti wa hale, mti mweupe kama maziwa mgando. Kwanza unaufanya uwe duara. Halafu unachukua patasi nyembamba na kukata mtaro katikati, unaingia taratibu mpaka kinabaki kiuno chembamba cha kufungia uzi. Ukiacha kiuno kinene, yoyo haipandi. Ukizidisha kukata, kiuno kinakatika mashine ikiwa mbioni, na nusu moja inaruka kumtafuta mtu.

Nilimwonyesha siku ya kwanza. Nikakata kidogo, nikazima, nikaingiza ncha ya kidole kwenye mtaro.

"Hapa ndipo kazi ilipo," nikamwambia. "Macho hayafiki huku ndani. Kidole ndicho kinachokwambia bado au basi. Weka chako."

Akaweka kidole.

"Unaonaje?"

"Naona sawa, akka," akasema, akiniita dada mkubwa.

"Sawa ya kuendelea au sawa ya kuacha?"

Akasita. "Ya kuacha."

"Ya kuendelea! Kuna unene wa mwiba mzima humo."

Jabeena akacheka kutoka mashine yake. "Mwache apumue, Hombakka. Mimi ulinitesa hivyo hivyo, nikalia wiki nzima."

"Ukalia ukajua. Sasa unachekacheka na bado mitaro yako ni mibovu."

Nilimpa sheria zangu, na sheria zangu hazizidi tatu. Ncha ya sari ichomekwe kiunoni mpaka isionekane. Nywele zifungwe kitambaa. Na umeme ukikatika, swichi kwanza, mikono baadaye. Kwetu umeme unakatika mara nne kwa siku, na unaporudi haubishi hodi. Mashine iliyoachwa na swichi wazi, bila kuzimwa, inalala kimya mbele yako kama ng'ombe mpole, wewe unaisafisha, unaipangusa, na yenyewe inaamka na mkono wako ukiwa mdomoni mwake. Miaka arobaini sijasahau swichi hata siku moja. Nilikuwa nikijisifu hivyo kila siku, na kila siku nilikuwa nasema kweli.

Wiki tatu alivunja kila yoyo. Alikuwa na mkono mtulivu, patasi ilikaa vizuri kwake, kuliko kwa Jabeena wakati ule, na hilo nalisema Jabeena akisikia. Duara lake lilitoka safi. Lakini akifika kwenye mtaro, anazima, anaingiza kidole, anafikiri, halafu anakosea. Kila mara. Nusu moja ilipiga kigae cha paa, ikakitoboa.

"Leo paa, kesho kichwa changu," Jabeena akasema. "Nitakuja na sufuria nimelivaa."

Wote wakacheka, na Sarvamma akacheka nao. Lakini mimi niliona jinsi alivyokificha kile kidole ndani ya kiganja.

Siku moja ya wiki ya nne, mvua inanyesha, nilikuwa nimeketi kwenye kigoda nyuma yake na vijiti vya lakiri mapajani. Mnajua tunavyopaka rangi. Kijiti cha lakiri unakigandamiza kwenye mti unaozunguka, joto linakiyeyusha, rangi inajipaka yenyewe, halafu unaing'arisha kwa jani la mkadi. Nilikuwa bado nachagua, nyekundu au ya manjano. Nikainua macho, nikaona yoyo yake imeshakuwa nyekundu. Nyekundu nzuri, inayong'aa, imezunguka ukingoni kama utepe.

Nikatazama mapajani. Kijiti chekundu kilikuwa hapa kwangu. Nilikuwa sijampa.

"Sarvamma," nikasema. "Zima."

"Bado kidogo, akka."

"Zima, nimesema!"

Akazima. Mti ukasimama. Utepe ule ukaanza kutiririka, tone moja, la pili, kwenye vumbi la mbao. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefunguka toka ncha mpaka fundo la kwanza, na yeye alikuwa ananitazama kwa utulivu, anangoja nimwambie kosa lake ni nini.

"Huoni maumivu?" nikamuuliza.

Akatazama kidole. Uso ukambadilika, lakini si kwa maumivu. Kwa aibu. Akakishika haraka na kukifunga kwenye sari.

"Usiseme kwa Saheb," akanong'ona.

Hapo ndipo nilipojua. Miaka kumi na tisa ya maji yanayochemka ilikuwa imeua ncha za vidole vyake vyote kumi. Ganzi tupu. Kila nilipomwambia weka kidole, unaonaje, alikuwa anaweka kidole cha maiti, na anabahatisha.

"Umenidanganya mwezi mzima," nikamwambia.

"Ungenifukuza."

"Ndiyo, ningekufukuza! Mashine hii si sufuria. Itakula mkono mpaka kwenye kiwiko na wewe utakuwa unazungumza habari za mchuzi."

"Akka," akasema, "kule nitakufa. Hapa labda nitakatika. Nimeshachagua."

Nilimfunga kidole kwa kitambaa na manjano, nikaifuta yoyo ile, nikaitupa motoni. Saheb alipopita jioni akauliza, "Mwanafunzi wako anaendeleaje? Mikono yake mizima?"

"Mizima kuliko yako, Saheb," nikasema.

Nimelisema hilo kwa kinywa changu. Sikulazimishwa.

Kesho yake alikuja mapema kuliko mimi, nikamkuta ameketi mbele ya mashine ya nne, macho ameyafumba.

"Akka, nifundishe bila vidole," akasema.

"Na kwa kitu gani? Kwa pua?"

"Kwa masikio. Kwenye hariri sikuwahi kutazama maji wala kuyagusa kujua yako tayari. Nilikuwa nayasikia. Maji yanayotaka kuchemka yana sauti moja, yaliyochemka yana nyingine. Mti nao unasema. Jana nimeusikia kabla haujavunjika. Unaanza chini, kwa sauti nene, halafu unapanda, unapanda, unakuwa kama mbu. Nikiacha kabla ya mbu, si itatosha?"

Nilimwambia huo ni upuuzi. Nilijifunza kwa mama mkwe wangu, na yeye kwa baba yake aliyekereza kwa upinde wa mkono kabla ya umeme kufika, na wote walitumia kidole. Nikamwambia ajaribu, ili niwe nimemwona akishindwa.

Ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikavunjika, na Jabeena akalala chini kabisa kifudifudi, akipiga kelele kuwa ana watoto. Ya tatu Sarvamma alifumba macho, patasi ikaingia, na mimi nikategea sikio kwa shingo upande. Nilisikia mti ukinguruma. Sikusikia kupanda kokote. Akaondoa patasi.

"Basi," akasema.

Nikaingiza kidole changu mimi. Kiuno kilikuwa pale pale ambapo ningekiacha.

Sikumsifu. Nilimwambia, "Kereza nyingine." Akakereza nyingine, na nyingine. Kufikia mwezi wa pili zilikuwa zinashuka na kupanda bila kuyumba, na Jabeena alikuwa amempelekea mwanawe moja nyumbani. Lakini mimi sikupata usingizi mzuri tena. Nilikuwa naketi nyuma yake kila siku, naangalia vidole vile vikipita karibu na chuma, na kila nilipoona rangi nyekundu nahesabu kwanza vijiti mapajani. Alijikata mara mbili zaidi. Mara zote mimi ndiye niliyeona kwanza.

Halafu kuna hili la umeme. Umeme ukikatika tulikuwa tunazima swichi na kukaa, tunakunywa chai, tunawasema majirani. Siku moja Sarvamma akaweka kikombe chini, akasema, "Unakuja." Kabla Jabeena hajamuuliza nini, taa ya dari ikawaka.

"Mchawi!" Jabeena akasema. "Hombakka, umetuletea mchawi."

"Ni kinu cha kusaga wimbi, kule mtaa wa juu," Sarvamma akasema. "Wao wanawashiwa kwanza. Kinu kikianza kuvuma, sisi bado pumzi mbili, tatu."

Tukatega masikio siku iliyofuata. Hakuna aliyesikia kitu isipokuwa yeye. Ikawa mchezo. Yeye anasema unakuja, sisi tunahesabu, na kweli.

Ikafika sikukuu ya zana. Asubuhi tuliosha mashine zote nne, tukazipaka manjano na kumkum, ule unga mwekundu wa ibada, tukazivisha mataji ya maua yaliyotungwa kwa uzi wa pamba. Patasi zote tulizipanga kwenye jani la mgomba, maana siku hiyo chombo hakifanyi kazi, kinaabudiwa. Gunia la mashine ya nne liliondolewa kabisa. Mimi nilivaa sari yangu ya hariri, ile ya harusi ya mwanangu. Sari ya hariri haichomekwi kiunoni. Inaachwa ishuke.

Jana yake Saheb alikuwa amechukua yoyo ya Sarvamma, akaiachia mara kumi, na mara kumi ikarudi kiganjani. Akatabasamu. "Nitasema kesho, baada ya ibada yenu," akasema. Yeye ni Mwislamu, lakini kila mwaka anakuja siku hiyo na sahani ya vitamu, anaketi mlangoni mpaka tumalize. Baba yake alifanya hivyo pia.

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri.

Sasa kuna desturi yetu. Baada ya kuzungusha taa na kupasua boga jeupe mlangoni, mkubwa wa karakana anaamsha mashine. Anawasha swichi moja moja, mashine inazunguka kidogo na maua yake mwilini, inapokea baraka, halafu inazimwa. Mkubwa ni mimi. Nikaenda ukutani, nikazibonyeza swichi zote nne. Klik, klik, klik, klik. Hakuna kilichozunguka.

"Haya, zima basi, Hombakka," Jabeena akasema. "Tutaziamsha umeme ukirudi."

"Mashine iliyoamshwa haizimwi kabla haijazunguka," nikasema. "Ni sawa na kumwita mgeni ndani na kumfungia mlango usoni. Mama mkwe wangu hakuwahi kuzima. Ziache."

"Enzi za mama mkwe wako umeme ulikuwa haukatiki hivi."

"Nimesema ziache."

Sarvamma akasimama karibu yangu. Akasema polepole, ili wengine wasisikie, "Akka, tuzime. Sheria yako mwenyewe."

Hilo ndilo lililoniuma, kwamba alikuwa sahihi. Nikamgeukia.

"Wewe umeshika patasi juzi, leo unanifundisha mimi? Miaka arobaini! Nenda kakae."

Akaenda akakaa.

Tukala bisi za mchele na sukari guru. Jabeena akatania kuhusu sari yangu, kwamba nikiolewa tena asikose mwaliko. Saheb akacheka kule mlangoni. Nami nikatazama mashine ya nne, nikaona taji lake limeteleza, limelala kwenye kikombe cha chuma kinachoshika mti. Lilikuwa limekaa vibaya. Mimi sipendi kitu kikae vibaya. Nikainuka, nikaenda, nikainama juu yake na kuingiza mikono yote miwili kulinyanyua. Sari ya hariri ikashuka mbele yangu, ikagusa chuma.

Nilijisahau? Sikujisahau. Swichi nilijua iko wazi. Nilidhani ni kitu cha kufumba na kufumbua.

Nilisikia kigoda kikianguka nyuma. Sarvamma hakupiga kelele, hakusema unakuja. Hakukuwa na nafasi ya kusema. Alinifikia kwa mwili wake wote, akanipiga bega, nikaenda ukutani. Mkono wake wa kushoto ulishika ncha ya sari yangu na lile taji pamoja, akavinyofoa kutoka kwenye chuma. Ndipo mashine zote nne zikaamka kwa pamoja, na maua yakaruka kote chumbani.

Sari ilitoka. Taji halikutoka lote. Uzi wa pamba ulikuwa umeshazunguka kikombe, na mwisho wake wa pili ulikuwa umemzunguka vidole viwili, kile cha pete na kile kidogo. Uzi ule ukajikaza. Mtu mwingine yeyote angeusikia unaanza kukaza, angeuachia. Yeye alisimama pale ananitazama mimi, anauliza, "Akka, umeumia?" na mkono wake unavutwa.

"Mkono!" Jabeena akapiga ukelele. "Mkono wako!"

Saheb ndiye aliyezima. Aliruka toka mlangoni akapiga swichi kwa ngumi. Lakini kilichokuwa cha kukatika kilikuwa kimeshakatika.

Kule mtaa wa juu kinu cha wimbi kilikuwa bado kinavuma. Nao walikuwa wameacha swichi wazi, na taji limevishwa, kama sisi.

Alikaa hospitali siku sita. Siku ya nne Saheb akaniita. Alikuwa amezeeka.

"Mnunuzi wa chuma atakuja Jumatatu," akasema. "Watu wawili, Hombamma. Sitaki wa tatu."

"Mashine haikukosa kitu," nikamwambia.

"Basi nani alikosa?"

Nikamwambia yote. Swichi, sari, maneno niliyomtupia Sarvamma. Nikamwambia na habari ya vidole vyenye ganzi, na jinsi nilivyomwambia vizima kuliko vyake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaketi juu ya gogo la hale, akashika kichwa.

"Umenidanganya ndani ya karakana yangu."

"Nimekudanganya. Na mashine hiyo ukiiuza, uza na yangu. Mimi nitakwenda kukaa na Sarvamma kwenye masufuria, unitafutie mwingine wa kukufundishia watu."

"Una kichwa kigumu kama gogo la msaji."

"Ndicho nilicho nacho."

Hakuiuza. Sarvamma alirudi baada ya miezi miwili, mkono wa kushoto una vidole vitatu. Nilimweka kwenye mashine yangu, mlangoni penye mwanga, na mimi nikahamia ile ya nne. Jabeena alisema ninajitafutia kifo. Nikamwambia kifo kinajua nyumbani kwangu, hakihitaji kuja karakana. Patasi anaishika kwa kulia, na ule wa kushoto unatosha kuegemeza. Anakereza yoyo nzuri kuliko zangu. Hilo naliandika mara moja tu, na sitalirudia mdomoni.

Tangu siku ile hakuna anayeamsha mashine kwenye sikukuu bila umeme. Desturi nimeibadilisha mimi mwenyewe, na mama mkwe wangu huko aliko akasirike akitaka. Umeme ukikatika tunazima swichi, tunainua mikono juu, wote, kama wezi waliokamatwa, na tunamtazama Sarvamma. Akisema unakuja, tunahesabu.

Hapa ningemaliza. Lakini kuna la juzi.

Juzi Alhamisi umeme ulikatika kabla ya chai. Nilizima yangu, Jabeena na binamu yake wakazima zao. Sarvamma alikuwa na yoyo kwenye mashine, mtaro nusu. Akainama juu yake, akaanza kupuliza vumbi kwenye mtaro na kulipangusa kwa vile vidole vitatu. Nilikuwa ninajiandaa kumwambia kitu, sikumbuki nini. Ndipo nikausikia. Mimi, kwa masikio yangu haya. Mvumo mzito, kwa mbali, kule juu. Nikamtazama Sarvamma nikingoja ainue kichwa.

Hakuinua.

Nikatazama ukutani. Swichi yake ilikuwa wazi.

Sijui nilivyovuka chumba kile. Nina miaka sabini na moja na goti moja halikunji. Kiganja changu kiligonga swichi yake, na taa ya dari ikawaka, na mashine yake ikabaki kimya. Akanitazama akishangaa.

"Kuna nini, akka?"

"Umeme umerudi," nikasema.

"Mbona sijausikia?"

Akasema hivyo kwa sauti kubwa mno, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto. Ndipo nikakumbuka kwamba wiki nyingi sasa anaongea hivyo, na kwamba Jabeena huwa anamwita mara mbili. Miaka minne ya mashine mbele ya uso wake, naye anategea sikio kwenye mti mchana kutwa. Nikaichukua yoyo yake, nikaingiza kidole kwenye mtaro. Kiuno kilikuwa kimezidi wembamba. Kidogo tu.

Saheb akisomewa haya atajua. Basi ajue, safari hii sitamdanganya. Lakini asije na habari za mnunuzi wa chuma, wala za masufuria, kwa sababu Sarvamma haendi popote. Nimeshahamisha kigoda changu. Mashine ya nne nimeifunika gunia lake. Ninaketi nyuma ya bega la Sarvamma, mkono wangu uko kwenye swichi ya ukutani, na mtaro ukifika kwenye kiuno nazima, naingiza kidole changu, namgusa begani mara moja kwa bado, mara mbili kwa basi.

Kidole changu cha shahada, cha kulia. Asubuhi za baridi, siku hizi, kinachelewa kidogo kuamka.